Kulisha kwa Kupa Mgongo

Binti yetu alijua kufunga mdomo kabla hajajua kutambaa vizuri. Ukimletea kijiko alikitazama, akanitazama mimi niliyekishika, kisha midomo ikabanana mpaka ikawa mstari. Hakulia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtoto akilia, walau unapata la kubembeleza.

Mama yake alikuwa Mongbwalu. Yeye ni mchuuzi, hununua vitenge na sandali za plastiki hapa Bunia akaenda kuwauzia wachimbaji wa dhahabu kule, watu wa kila kabila na kila dini ambao sandali haziwadumu hata kidogo. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akisafiri naye mgongoni. Safari hii mvua ilikuwa imeivuruga barabara, malori yalikuwa yanalala kwenye matope, naye akaona afadhali amwache nyumbani. Zingekuwa siku chache tu. Asubuhi hiyo alimnyonyesha kwa muda mrefu, akanikabidhi, akafunga mzigo wake nyuma ya pikipiki.

"Buyi yake iko mu thermos," akaniambia. "Ukishindwa, mama iko."

Buyi ni uji. Na mama aliyesema yupo ni mama yake mzazi, yaani mkwe wangu, aliyekimbia vita kijijini kwao akaja kuishi nasi mtaani Mudzipela, katika kijumba cha udongo nyuma ya nyumba yetu. Kusema "mama iko" kulikuwa rahisi kwa mke wangu. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume na mama wa mke hawakaribiani. Simpi mkono. Sili akiniona, wala yeye hali nikimwona. Akiwa jikoni, mimi siingii. Mimi nikiwa barazani, yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Mtu wa mbali hudhani tumegombana, kumbe ndiyo heshima yenyewe, na mwenye kuivunja hutajwa hata mazishini. Mimi ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, na kwetu mambo haya yamelegea, lakini nilipooa niliyakubali yote. Na kusema kweli yalinifaa. Mkwe usiyemwona hagombani nawe.

Kila kilichohitaji kusemwa kati yetu kilipitia kwa mke wangu. Sasa mke wangu ameondoka, na kati yangu na mkwe wangu amebaki mtu mmoja tu, naye alikuwa hajui kutamka hata neno moja.

Siku ambayo mke wangu alipaswa kurudi, alipiga simu.

"Njia imefungwa," akasema. "Kuko mapigano mu njia. Magari yote imesimama. Banasema tungoje."

"Mungoje mupaka lini?"

"Nani anajua? Mutoto iko anakula?"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameketi mkekani, uji umemkauka shingoni, mdomoni hakuna kitu.

"Iko anajaribu," nikasema.

Kisha akaniambia kwamba maziwa yanamuuma, kwamba asubuhi aliyakamua kwenye kikombe akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba aliyopanga. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilibaki nimeshika simu baada ya rezo, yaani mtandao, kukatika, nikifikiria maziwa yale yaliyomwagwa kule na mdomo huu uliofungwa hapa, na nilitaka kupiga kitu teke. Hapakuwa na cha kupiga.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu. Nina meza ndogo karibu na soko. Kifaa kikikataa kuongea nakifungua, naangalia ndani, nachomea kilichokatika. Nimezoea hivyo, na ninakiri kwamba kwa siku za mwanzo nilimfikiria mtoto kwa namna hiyo hiyo: kuna kitu kimekosewa kwenye chakula, nikikipata atakula.

Nikaanza na unga. Akina mama wa hapa hutengeneza unga wa mtoto kwa kuchanganya mahindi, mtama na soya, wanauita masoso. Nilinunua vyote, nikakaanga soya mwenyewe kwenye sufuria. Ikaungua nje, ndani ikabaki mbichi. Nikakaanga nyingine. Nikabeba mfuko hadi kwenye mashine ya kusagia, ambako nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na beseni la mahindi akaniambia, "Papa, uniache miye mbele." Mwingine akamuunga mkono: "Ndiyo, umuache apite." Nikaona haya ndiyo yale, wananionea kwa sababu wananiona mgeni wa mambo haya. Nikakataa, tena kwa ukali. Nikamwaga nafaka yangu. Walinitazama tu, wakatazamana.

Nilipoonja uji nyumbani ndipo nilipofahamu. Aliyesaga kabla yangu alikuwa amesaga mihogo mikavu, ile iliyovundikwa kwa ajili ya bugali, na mabaki yake yote yalikuwa yamejificha ndani ya mashine yakinisubiri. Yule mama alitaka mahindi yake yapite kwanza yaisafishe, ili unga wa mtoto utoke safi. Alikuwa ananifadhili, nami nikamkaripia. Uji wangu ulinuka mihogo iliyochacha. Hata mimi ulinishinda.

Baadaye nilijaribu ndizi za kupika zilizopondwa, nikajaribu avoka, nikajaribu kiini cha yai. Nilitwanga samaki wadogo wakavu wa ziwani nikachekecha unga wao juu ya viazi, na nyumba nzima ikanuka kama Kasenyi, kule kwa wavuvi. Majirani waliniletea ushauri mwingi, kila mmoja na wake. Mmoja alisema nimpe asali, mwingine akasema asali ni hatari. Mmoja alisema yai litamchelewesha kuongea. Niliwasikiliza wote, nikawashukuru wote, na mtoto akawafungia wote mdomo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimzungushia mkononi utepe wenye rangi wa kupimia unene wa mkono. Kijani, akanieleza, ni mtoto asiye na tatizo. Njano ni wa kuangaliwa. Nyekundu ni wa kulazwa. Wetu akasimama kwenye njano.

"Mama yake iko wapi?"

"Mongbwalu. Njia imefungwa."

Hakuniuliza zaidi. "Umupe kidogo-kidogo," akasema. "Usimulazimishe. Umurudishe juma inayokuya." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimemshika mkono wake ule mwembamba kati ya vidole vyangu viwili, nikijidai kwamba namchezesha.

Mkwe wangu naye hakuwa amekaa bure. Tulikuwa tumeanzisha njia yetu ya kupokezana mtoto. Natandaza mkeka katikati ya ua, namkalisha mtoto, narudi mpaka mlangoni na kukohoa. Mkwe akitoka kijumbani, mimi nageuza uso. Nikisikia mlango wa jiko lake umefungwa, najua amemchukua. Kumrudisha ni vilevile, kinyume chake. Mtoto aliona ni mchezo mzuri kuliko yote duniani, akawa anacheka akiwekwa pale peke yake katikati ya watu wazima wawili wanaotazama mbali.

Siku moja, akiwa jikoni kwa mkwe, nilipita karibu na ukuta nikamsikia akizungumza naye.

"Mujukuu yangu, ambia papa yako karanga ya mutoto haikaangiwe. Ichemushwe, halafu itwangwe. Umuambie."

Nilisimama. Nilitazama kulia na kushoto, pasiwe na jirani wa kuniona.

"Tena umuambie hivi: asiweke sukari. Na kijiko aache. Mutoto huyu anaogopa chuma. Siye batoto yetu tulibalisha na kidole."

Sikujua adabu inasemaje hapo. Nikakohoa. Kisha nikasema kuelekea ukutani, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwanawe, "Mutoto, ambia koko nimesikia." Koko ndivyo tunavyomwita bibi. Ndani nikasikia kicheko kidogo, kikavu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia mkwe wangu akicheka, na tulikuwa tumeishi ua mmoja muda mrefu.

Kuanzia hapo tukawa tunaongea hivyo kila siku, mtoto akiwa tarishi asiyejua kazi yake. Nilichemsha karanga, nikatwanga, nikapeleka bakuli mkekani pamoja na mtoto. Kutoka nyuma ya ukuta nikawa nasikia koko akimwimbia, na katikati ya wimbo sauti ndogo ya kulamba. Alikuwa anakula. Si mengi, vidole kadhaa tu kisha anakataa, lakini anakula. Nilifurahi, nikaenda kutwanga karanga nyingine. Na hapo hapo nilimwonea mkwe wangu wivu, kwa sababu nilipojaribu kidole changu mimi, mtoto alikitazama kama alivyokitazama kijiko.

Kisha mkwe akashikwa na malaria. Asubuhi nilikohoa mlangoni na hakuna aliyetoka. Nilikohoa tena. Mtoto alikuwa mkekani akitazama mlango wa jiko, akingoja mchezo uanze. Jirani wa upande wa pili, mama mtu mzima, ndiye aliyeingia kumwona, akatoka akasema anatetemeka na hawezi hata kuketi. Yule jirani akawa anampelekea maji na dawa na chakula. Mimi nilinunua dawa, nikaziweka kizingitini, nikaondoka. Mwili wote uliniwasha kwa kutaka kuwa na la kufanya, na la kufanya halikuwepo.

Mtoto akarudi kufunga mdomo. Sasa akawa analia pia, ila kilio cha chini, cha kuchoka. Nilimwomba jirani amlishe, akajaribu kwa subira yote, akanirudishia bakuli. Mke wangu akipiga simu nilikuwa natoka nje ya ua ili asisikie kilio.

"Maziwa inaanza kupunguka," akaniambia siku moja. "Nakamua, haitoke mingi."

"Usiache kukamua," nikasema. Mimi, mtu wa redio, nikimfundisha mwanamke kukamua maziwa yake. Ningeweza kusema nini kingine?

Utepe wa muuguzi ulisogea. Bado ulikuwa njano, lakini muuguzi aliniwekea kidole pale rangi mbili zinapokutana, nikaona mwenyewe. Akasema mtoto akija mara nyingine akiwa vile, au chini ya vile, watamlaza. Nililia njiani, na sikujali nani ananiona.

Nilipoingia uani mtoto alikuwa analia mgongoni kwangu, na mkwe akatusikia. Sauti yake ikatoka kijumbani, nyembamba.

"Mujukuu, ambia papa yako akulete humu."

Nikadhani homa imempanda kichwani. Sikusogea.

"Mujukuu, papa yako iko kiziwi?"

"Mutoto," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "ambia koko kwamba kule mimi siingie."

"Umuambie heshima iko ya batu bazima. Weye uko na njaa."

Nilichukua bakuli la uji. Nilivua viatu. Halafu, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuingia nyumba ya mkwe bila kumtazama, niliingia kinyumenyume. Nikipapasa kwa kisigino nilipata kigoda, nikaketi nimekipa kitanda mgongo. Nilimsikia akijifunika kitenge kichwani. Kijumba kilinuka homa na moshi. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamweka mapajani akinielekea, nikachovya kidole katika uji wa karanga.

Mtoto hakunitazama. Alikuwa anatazama juu ya bega langu. Nyuma yangu kitenge kilichakacha kidogo, na sijui mkwe alifanya nini. Niliona uso wa mtoto tu. Macho yalifunguka, kisha mdomo ukafunguka, mkubwa, wote, nikaona meno yake mawili ya chini. Nikaingiza kidole. Akafyonza. Akatazama tena juu ya bega, akafungua tena.

"Anakula," nikasema, na nilikuwa nimesahau kumwambia mtoto. Nilimwambia mkwe moja kwa moja.

Nyuma yangu akakohoa, kama mimi mlangoni.

Tulifanya hivyo kila siku. Niliingia kwa mgongo, nikatoka kwa kuinama. Yeye alipopona tuliendelea, jikoni kwake sasa, kwa sababu mtoto alikuwa ameshazoea: kidole kiwe changu, uso uwe wa koko. Alipojaribu mmoja wetu peke yake, mtoto alikataa. Jirani aliyejua siri yetu alifunga mdomo wake pia, Mungu ambariki. Utepe ulirudi nyuma taratibu, ukatoka pale pabaya. Lakini mke wangu hatukumwambia. Ungesemaje kwenye simu, rezo ikikatika kila mara, kwamba unakaa jiko moja na mama yake?

Barabara ilipofunguliwa alirudi na lori la kwanza. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani mpaka vidoleni, amekonda, na hakusalimia mtu. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akaketi chini pale pale mlangoni, akafungua blauzi. Mtoto alimtazama kwa muda. Hakumwogopa, hata alimshika pua. Alipoelekezwa kwenye ziwa alilinusa, akageuza kichwa.

"Amesahau," mke wangu akasema. "Atakumbuka." Akajaribu upande wa pili. Alikamua, likatoka tone dogo, akampaka mtoto mdomoni, na mtoto akajifuta kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao mikono ikining'inia. Nilitaka kumwambia pole, na nilijua neno hilo halitoshi, nikalimeza.

Hatimaye akainuka akaenda jikoni kwa mama yake, na mimi nikabaki nje, kwa kuwa mwenye kuwaunganisha alikuwa amerudi na kila mtu alipaswa kurudi mahali pake. Nilisimama kwenye ukuta ule ule. Nikasikia mama na binti wakisalimiana, wakilia kidogo, halafu bakuli, halafu mke wangu akimbembeleza mtoto kwa majina yote aliyowahi kumpa. Mtoto akaanza kulia. Mke wangu akajaribu tena. Mtoto akapiga yowe.

"Mama, munamulisha nini?" nikamsikia akiuliza. "Munamulisha vipi? Unionyeshe."

Nilijua mkwe wangu anafikiri nini kwa sababu mimi pia nilikuwa nafikiri hilo hilo, na nilimwomba Mungu asiseme, na nilimwomba aseme.

"Papa ya mutoto," akaita. Hakumtuma mjukuu. Aliniita mimi. "Ingia."

Niliingia kinyumenyume kama nilivyozoea, nikapata kigoda kwa kisigino bila kukitafuta. Hilo ndilo lililomwambia mke wangu kila kitu. Alinitazama, akamtazama mama yake aliyejifunika kitenge nyuma yangu, akaziba mdomo kwa mkono. Sikujua kama ni aibu au ni nini. Alinipa mtoto. Nilichovya kidole.

Mtoto akatazama juu ya bega langu, akafungua mdomo, akala. Alikula kwa pupa, akinivuta mkono kwa mikono yake miwili, uji ukimtiririka kidevuni. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Niliona aibu kuwa nayo mbele ya mke wangu, ambaye blauzi yake ilikuwa bado wazi.

"Na miye?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi wala mama yake. "Sasa miye nitamupa nini?"

Bakuli liliisha, na mtoto akaanza kulia kwa kutaka jingine.